Bi Mkunga Anajibu: Mwali wa miaka 9, siku salama na dawa za rangi mbili

Barua za safari hii nyingi zimetoka nyanda za korosho, na sababu naijua. Mauzo yakiisha watu wana fedha mkononi, shule zinafungwa, ngoma zinaanza kulia. Kwa mliosoma ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi wodi za wazazi za Mtwara na Lindi na sasa naishi Mikindani. Hapa nawajibu vijana na wazazi wao bila kuzungukazunguka.

*

*Shikamoo Bi Mkunga. Binti yangu ana miaka 9, yupo darasa la tatu. Mama mkwe anataka aingie unyagoni Desemba hii pamoja na binamu zake. Mume wangu anasema korosho zimelipa mwaka huu, tusipomcheza sasa mwakani hatutakuwa na uwezo. Mimi roho inasita. Mtoto wa jirani alitolewa akiwa na miaka 10, sasa yupo darasa la saba na ana mimba. Nikikataa nitaambiwa nadharau mila za watu. Nifanyeje? – Mama wa mwali, Newala*

Marahaba mwanangu. Hofu ya kuambiwa unadharau mila iondoe kwanza. Mimi ni mtoto wa huku huku. Nimechezwa, nimekaa ndani, nikatolewa kwa vigelegele na kanga mpya, na yapo niliyofundwa na somo yangu ambayo sijayaacha mpaka leo. Lakini niliingia nikiwa nimeshavunja ungo. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa rika langu niliowajua: damu kwanza, ngoma baadaye. Kuwachanganya humo watoto wa miaka 8 na 9 kumezidi kwa sababu ya likizo za shule na msimu wa korosho. Watoto wote wapo nyumbani, fedha zipo, basi wachezwe wote kwa mkupuo, mkubwa na mdogo, gharama iwe moja. Muulize mama mkwe yeye alichezwa akiwa amefikia wapi. Muulize kwa adabu, mkiwa wawili tu, mnachambua mboga. Jibu lake huenda likakusaidia kuliko barua yangu.

Ninachokiogopa si ngoma. Mtoto akitolewa unyagoni anaambiwa amekua, na kijiji kizima kimesikia. Kuanzia siku hiyo mwanamume mwenye nia mbaya hamwoni tena kama mtoto wa darasa la tatu, na yeye mwenyewe hajui akatae vipi, maana ameshaambiwa yeye ni mkubwa. Amepewa jina la ukubwa, na hakuna aliyemweleza mwili wake unafanyaje kazi.

Nilipokuwa kazini aliletwa binti wa miaka 14, amepakiwa katikati kwenye pikipiki, shangazi nyuma amemshikilia, uchungu ukiwa siku ya pili. Nikamuuliza mara ya mwisho kuingia mwezini ilikuwa lini. Akasema ni zamani, na kwamba aliona raha kwa sababu alidhani damu zimekwisha. Binti huyu alikuwa amechezwa. Alijua kwamba mwanamke akiwa mwezini hatii chumvi kwenye mboga. Alijua kukificha kitambaa chake kisionekane na wanaume. Kwamba kukosa hedhi baada ya kulala na mwanamume ni dalili ya mimba, hilo hakuambiwa na mtu, si ngomani, si shuleni, si nyumbani. Nyonga yake ilikuwa bado haijakomaa, kichwa cha mtoto kimekwama. Mtoto tulimtoa amekufa, na mama mtu aliondoka wodini mkojo ukimtoka bila kujizuia. Hiyo ndiyo fistula. Kichwa kinabana nyama iliyopo kati yake na mfupa wa nyonga kwa saa nyingi, damu haipiti, nyama inakufa na kuacha tundu kwenye kibofu. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT Dar es Salaam huitibu bila malipo. Kama unamjua mwanamke anayejificha kwa sababu ya harufu ya mkojo, mwambie hivyo leo.

Sasa Desemba. Anza na mume wako, na anza na fedha, kwa sababu ndipo alipoanzia yeye. Mwambie fungu la ngoma liwekwe benki au kwenye simu, lisubiri. Hapo hoja ya mwakani hatutakuwa na uwezo imekwisha.

Kwa mama mkwe usiende mikono mitupu, mpe kazi. Mwombe akae na mjukuu wake jioni amfundishe yanayomfaa mtoto wa miaka 9. Ajue majina ya viungo vyake vyote, kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Ajue kwamba hakuna mtu wa kumshika sehemu za siri, awe mjomba, awe mwalimu, awe jirani anayempa pipi, na kwamba akishikwa anakuja kusema na hatapigwa. Ajue kuwa iko siku ataona damu na si ugonjwa. Ajue pedi inakaaje kwenye nguo, na kama ni kitambaa, kinafuliwa kwa sabuni na kukaushwa juani. Kikifichwa chini ya godoro kikiwa kibichi kinaleta wadudu na muwasho. Mambo ya kitanda na mume hayamhusu mtoto huyu, na hilo mwambieni na somo atakayekuja.

Akishavunja ungo, somo mchague wewe. Mpitishe kwanza kwa muuguzi wa zahanati yenu wazungumze. Mimi nimekaa na manyakanga, wale wakuu wa unyago, jamvi moja, na nasema kwa yakini kwamba hakuna mwalimu anayesikilizwa na mabinti wa Kusini kama wao. Anayesema wapigwe marufuku atawapoteza, watacheza porini usiku. Ningependa kila nyakanga ajue kuhesabu miezi ya mimba, ajue kaswende inavyoua mtoto tumboni, ajue kwamba simu ya kumsaidia mtoto anayeonewa ni 116 na haikatwi salio. Hayo yaimbwe humo humo ngomani. Na wanaume wanaowaweka wavulana jandoni nao wana deni hilo hilo. Barua ya tatu hapa chini itawaonyesha.

*

*Shikamoo bibi. Nina miaka 17, nipo kidato cha tatu, Lindi mjini. Rafiki zangu wanasema ukimaliza hedhi, wiki nzima inayofuata ni siku salama. Nafuata hivyo, na nikipata wasiwasi mpenzi wangu ananinunulia P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Mwezi uliopita nilimeza mara tatu. Sasa hedhi imevurugika kabisa. Je, nimeharibu kizazi? – Mwanafunzi, Lindi*

Marahaba mjukuu wangu. Hapana, P2 haiharibu kizazi. Homoni nyingi kwa mara moja huvuruga tarehe, hedhi ikawahi au ikachelewa, na kwa kawaida mambo hurudi sawa. Lakini kabla ya kuilaumu P2, pima mkojo. Kipimo cha mimba kipo duka la dawa na zahanati. Hedhi ikichelewa kwa zaidi ya wiki moja, usikae na wasiwasi, pima.

Kuhusu siku salama, chukua daftari tuhesabu. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Soma tena hapo: kabla ya inayofuata, ambayo bado hujaiona. Mzunguko huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu. Mwezi huu wako ukiwa wa siku 25, yai limetoka siku ya 11. Mwezi ujao ukienda siku 34, yai litatoka siku ya 20. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa hai ndani yako mpaka siku 5 zikilisubiri, na yai lenyewe huishi kama siku moja. Kwa hiyo mwezi wa kwanza hatari ilianza siku ya 6 ikaisha ya 12, na wa pili inaanza ya 15 mpaka ya 21. Damu yako inakauka siku ya 5, kesho yake wenzako wanakwambia upo salama, kumbe ndiyo siku ya kwanza ya hatari. Wasichana wa umri wako wengi mizunguko yao haijatulia, na hakuna kalenda ya kuwaambia mapema mwezi huu utakuwa wa siku ngapi.

P2 ni dawa ya dharura. Inachelewesha yai lisitoke. Kama yai limeshatoka haisaidii, na kama mimba imeshaingia haiitoi. Inamezwa haraka iwezekanavyo ndani ya saa 72, na kila saa inayopita nguvu yake inapungua. Ukiimeza Jumatatu ukalala naye tena Alhamisi, ya Jumatatu haikulindi, na pengine yai lililocheleweshwa ndilo linalotoka siku hizo. Tena haizuii VVU, kisonono wala kaswende.

Umesema ananinunulia. Ni nani huyo? Kama ni mtu mzima, mwenye kazi, anayekupa nauli na vocha, jua kwamba sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 inasema aliyelala na msichana aliye chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana alikubali. Sikuandikii hivyo nikutishe. Nakuandikia kwa sababu wengi wenu mnabeba siri ya mtu ambaye yeye ndiye mwenye kosa. Na una haki ya kuacha leo, hata kama jana ulikubali, hata kama amekununulia simu.

Ukiamua kuendelea, usiishi kwa P2. Nenda kituo cha afya uulize huduma rafiki kwa vijana. Utaelezwa kuhusu sindano ya miezi mitatu, vidonge vya kila siku, na vijiti vinavyowekwa mkononi, vya miaka mitatu na vya miaka mitano. Kwenye vituo vya serikali ni bure. Mwongozo wa taifa wa uzazi wa mpango haudai cheti cha ndoa wala haudai uwe umeshazaa. Muuguzi akikukaripia, toka umwombe mwingine, usirudi nyumbani mikono mitupu. Kondomu iwe juu ya yote hayo. Na pima VVU: tangu sheria ilivyorekebishwa mwaka 2019, mwenye miaka 15 anapima kwa ridhaa yake mwenyewe, bila kusindikizwa na mzazi.

*

*Mambo vipi Bi Mkunga, shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, stendi ya Mtwara, miaka 20. Nikikojoa nasikia moto, na asubuhi natoa usaha. Nilinunua dawa za rangi mbili dukani, zile kapsuli za antibiotiki, ikapoa siku nne ikarudi. Jandoni tulifundishwa kwamba mwanamume aliyetahiriwa magonjwa hayamkai. Nina mchumba, hana dalili yoyote. Nimwambie? – Boda, Mtwara*

Marahaba kijana wangu. Mwambie leo, na mwende wote wawili.

Unavyoeleza inafanana sana na kisonono, na mara nyingi hutembea na mwenzake klamidia. Mwanamume huona usaha, mwanamke mara nyingi haoni kitu. Wadudu wanapanda kwenye kizazi taratibu, wanaziba mirija, na miaka ya mbele mnazunguka kwa waganga mnatafuta mtoto. Ukitibiwa peke yako atakurudishia, kisha mtalaumiana.

Dawa za rangi mbili acha kabisa. Kisonono kimeshazoea dawa nyingi za zamani, na ukimeza nusu dozi unawafundisha wadudu kuishi nayo. Zahanati watakupa sindano au vidonge kwa mujibu wa mwongozo unaotumika sasa. Maliza dozi, na msikutane kimwili mpaka wote mmepona. Mpimwe na VVU na kaswende siku hiyo hiyo.

Mliyoambiwa jandoni yana ukweli kipande. Utafiti uliofanyika Orange Farm Afrika Kusini, Kisumu Kenya na Rakai Uganda ulionyesha kwamba mwanamume aliyetahiriwa hupunguza kwa karibu asilimia 60 uwezekano wa kuambukizwa VVU na mwanamke. Matokeo yalitoka 2005 na 2007, na Shirika la Afya Duniani likaanza kuhimiza tohara. Asilimia 60 si mia. Na kisonono hakijali tohara. Usaha unaouona unatosha kukuonyesha.

Kondomu nawaona vijana mnaziweka chini ya kiti cha pikipiki au kwenye pochi ya makalioni. Joto linaziua. Weka mfuko wa shati. Kabla ya kutumia soma tarehe, kisha bonyeza pakiti: ukisikia hewa inakusukuma vidole, ni nzima; ikilala kama karatasi, tupa. Chana kwa vidole pembeni, meno yanatoboa. Bana ncha hewa itoke, kunjua mpaka mwisho, na wakati wa kutoka ishike shinani. Mafuta ya nazi na mafuta ya kujipaka yasiikaribie, yanaulainisha mpira unapasuka.

Na umri wako unatosha kuwa kaka wa walio jandoni msimu huu. Kawaambie.

*

*Bi Mkunga, salamu. Mjukuu wangu alikuwa kidato cha pili, sasa ana mimba ya miezi mitano. Baba yake amekasirika, anasema shule ndiyo basi. Familia ya kijana imekuja na mbuzi na fedha ili tuyamalize nyumbani na aolewe. Kliniki hajaenda, anaona haya. – Bibi, Ruangwa*

Bibi mwenzangu, kliniki kwanza, kesho asubuhi. Ilitakiwa aanze kabla ya wiki ya 12, lakini miezi mitano bado kuna la kufanya. Atapimwa damu, VVU, kaswende na msukumo wa damu, atapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa za kuzuia malaria. Nenda naye wewe, ukae naye kwenye benchi, ili haya mzigawane. Na kwa kuwa ni mdogo na ni mimba ya kwanza, mpango wa kujifungulia uwe hospitali yenye upasuaji. Wiki za mwisho asikae shamba, asogee karibu.

Shule haijaisha. Tarehe 24 Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaweza kurudi shule, na waraka wa elimu ukatolewa mwaka huo. Amepewa miaka miwili ya kurudi. Mpelekee baba yake habari hiyo mkiwa na mwalimu mkuu, maana hasira ya baba mara nyingi inapungua akiisikia kutoka kwa mtu mwenye cheo. Mtoto anyonye maziwa ya mama matupu miezi sita, kisha wewe bibi, kama nguvu zipo, ndiye utakayemfungulia mlango wa darasa kwa kubaki na kichanga.

Mbuzi warudisheni. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, kumpa mimba mwanafunzi au kumuoa ni kosa lenye kifungo cha miaka 30, na wanaosaidia ndoa hiyo nao wanaingia hatiani. Kuhusu kuolewa mapema, kile kipengele cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kilichoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi kilitamkwa na Mahakama Kuu 2016 kuwa kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo 2019. Pelekeni suala hili dawati la jinsia na watoto la polisi. Kama kijana naye ni mtoto wa shule, semeni hivyo hivyo ilivyo, umri wake uandikwe, naye ni mtoto wa kushughulikiwa kama mtoto. Mjukuu wako aulizwe akiwa peke yake, na mtu mpole, kama alilazimishwa. Mara nyingi hilo hakuna aliyeuliza.

*

*Mimi ni mwalimu wa afya shule ya msingi. Wazazi wanaficha mabinti siku ya chanjo ya mlango wa kizazi, wanasema inafunga uzazi. Niwajibu nini? – Mwalimu, Tandahimba*

Wajibu kwa mfano, mwalimu. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake mwaka 2011. Wale wa mwanzo sasa ni wanawake watu wazima, wanaolewa na kuzaa kama wenzao. Sisi tulianza nchi nzima Aprili 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa mabinti wa miaka 9 hadi 14. Inazuia kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ndiyo iliyotuletea wodini mama wa watoto wadogo wakitoka damu isiyokoma, ugonjwa ukiwa umeshafika pabaya.

Inachanjwa mapema kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi kabla binti hajakutana na mwanamume. Wazazi wakisema mnawafundisha uhuni, waambie hivyo hivyo. Siku ya chanjo watoto waje wamekula uji, wachomwe wakiwa wamekaa, na wabaki wamekaa dakika 15 baadaye, maana wasichana wa umri huo huzimia kwa woga wa sindano, na mmoja akianguka mbele ya wenzake uvumi unafika kijiji cha pili kabla hujafunga rejista.